Kelele za ndege: shefu wa kartie akilalamika, tusimcheke

Leo nataka tuongee habari ya kitu kinachopita juu ya vichwa vyetu: ndege, njia zake na kelele zake.

Nimeanza kuwaza jambo hili baada ya kusikia watu wakicheka. Mmoja alikuwa anaeleza kwamba huko Marekani, wakubwa wa mji mmoja waliishitaki serikali yao mahakamani kwa sababu ya kelele za ndege. Wengine wakasema: "Hao wameshiba! Sisi tunakimbia risasi, wao wanalalamikia ndege!" Hata mimi nilicheka kidogo. Nilipofuata ile habari mpaka mwisho, nikaona kwamba inatuhusu sana sisi wa Goma.

Mji wenyewe ni Phoenix, katika jimbo la Arizona. Huko wanaishi familia nyingi za Wakongomani wenzetu waliotoka katika kambi za wakimbizi. Tarehe 18 mwezi wa tisa 2014, idara ya anga ya Marekani, inayoitwa FAA, ilibadilisha njia za ndege zinazoondoka uwanja wa Sky Harbor. Zamani ndege zilikuwa zinatawanyika kila moja upande wake. Kwa mitambo mipya ya satelaiti, zikaanza kufuata mstari mmoja mwembamba, moja nyuma ya nyingine. Faida ilikuwa mafuta kidogo na safari fupi. Lakini wale waliokuwa chini ya ule mstari waliamka asubuhi moja wakakuta anga lao limegeuka barabara kubwa.

Sisi tunajua vizuri mambo ya namna hiyo. Barabara ya lami ikifungwa, pikipiki na magari yote yanapita kwenye avenyu yako ndogo. Jana watoto walicheza pale, leo ni vumbi na honi kuanzia asubuhi. Hakuna aliyekuuliza. Sasa waza kwamba ni ndege, na huwezi kuweka mawe angani ili zipite pengine.

Wananchi wa Phoenix walilalamika kwa wingi. Wakubwa wa mji hawakuwaambia wavumilie. Waliandika barua, wakaongea na FAA, na walipoona hawasikilizwi wakaenda mahakamani mwaka 2015. FAA ilijitetea kwamba hesabu zake zilionyesha kelele hazitakuwa kubwa, na kwamba ilikuwa imezungumza na watu wa mji kabla ya kubadilisha. Mahakama ikaangalia: ilizungumza na nani? Ikaonekana ilizungumza na wafanyakazi wa ngazi ya chini wa uwanja wa ndege, watu wasio na uwezo wa kusema kwa jina la mji. Tarehe 29 mwezi wa nane 2017 mahakama ikaamua kwamba FAA ilikosea. Mwaka 2018 ndege zinazoelekea magharibi zikaanza kurudishwa karibu na njia zao za zamani.

Mimi naona kiini cha kesi ile si kelele peke yake. Kiini ni swali hili: nani anapaswa kuulizwa kabla anga la watu halijabadilishwa? Mahakama ilijibu kwamba ni wale ambao wananchi wamewapa kazi ya kusema kwa niaba yao. Kwetu hao ni meya, mkuu wa komine na shefu wa kartie.

Sasa turudi nyumbani. Uwanja wa ndege wa Goma uko katikati ya watu. Kaskazini kuna mlima Nyiragongo, kusini kuna Ziwa Kivu, mashariki kuna mpaka wa Rwanda. Ndege hazina nafasi kubwa ya kuchagua njia, na mji uko chini yake. Mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Kwa miaka mingi baada ya hapo ndege zilitumia kile kipande kilichobaki. Watu wa Birere, upande wa kusini, wanajua maana yake: tumbo la ndege lilikuwa karibu sana na mabati yao.

Tarehe 15 mwezi wa ine 2008 ndege kubwa ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia katika soko la Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa wanauza na kununua. Halafu tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019 ndege ndogo iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka juu ya nyumba katika kartie ya Mapendo, muda mfupi baada ya kuruka. Zaidi ya watu 20 walikufa.

Kwa hiyo mtu wa Mapendo akisema kelele za ndege zinamkosesha usingizi, usimwambie ni anasa. Anasikiliza kama injini inakwenda sawasawa.

Kwa familia zilizohama, sauti ile ina uzito mwingine tena. Ninyi mliotoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, ndege kwenu si safari. Kila mmoja wetu anamjua mtoto ambaye akisikia mngurumo anaingia chini ya kitanda, au anashika mguu wa mama yake na kukataa kuuachia. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2023 ndege ya kivita aina ya Sukhoi ilirushiwa kombora karibu na mpaka, ikatua Goma inawaka. Watu waliona kwa macho yao. Mtu aliyeona vile hawezi kuambiwa kwamba sauti ni sauti tu. Na wengi wenu mmelala katika hema za plastiki au nyumba za mbao. Ukuta wa namna hiyo hauzuii mvua vizuri, sembuse mngurumo.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za ndege usiku zisipite desibeli 40 kwa wastani. Ni sauti ndogo kuliko maongezi ya kawaida ya watu wawili. Sababu ni usingizi, moyo, na masomo ya watoto. Mwili wa mtoto wa Birere hauna tofauti na wa mtoto wa Ulaya.

Najua wako watakaonipinga. Watasema: ndege inaleta dawa, inaleta chakula, inachukua wagonjwa. Ni kweli. Bukavu, Bunia, Beni, Goma, wote tunajua barabara zetu zilivyo, na bila ndege wengine wetu tusingekuwa hai. Siombi ndege zikatazwe. Wale wa Phoenix pia hawakuomba uwanja wao ufungwe. Waliomba waulizwe, na njia zichaguliwe kwa kuangalia watu walio chini.

Wengine watasema: wakati wa vita mambo ya anga ni siri. Kwa ndege za kijeshi, sawa, siwezi kubisha. Lakini ndege ya mizigo inayotua usiku wa manane si siri. Kila mtu wa kartie ameisikia.

Kuna neno lingine ambalo wakubwa wetu hawatalipenda. Shefu anayelalamika kuhusu kelele asiwe yule yule aliyetia sahihi yake ili watu wajenge karibu na mwisho wa uwanja. Viwanja vya pale ni vya bei ndogo, na anayekubali bei ndogo ni maskini, mara nyingi ni mtu aliyehama na hana pengine pa kwenda. Tukigawa ardhi chini ya njia ya ndege halafu tukasimama mbele ya mikrofoni kulaumu ndege, watu watatuuliza tulikuwa wapi siku ile ya kupima kiwanja. Malalamiko ya mkubwa yana nguvu kama mikono yake ni safi.

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 uwanja wa Goma ulifungwa, na ndege za abiria zikakoma. Baadaye, mwezi wa kumi 2025, ilitangazwa huko Paris kwamba utafunguliwa tena kwa ndege za misaada. Uwanja uliofungwa ukifunguliwa, njia na saa zinapangwa upya. Huo ndio wakati wa kuuliza. Phoenix walichelewa, wakalia baada ya ndege kuanza kupita. Sheria ya kule inawapa watu siku 60 tu za kushitaki, na FAA ilisema mahakamani kwamba siku zao zilikuwa zimekwisha. Mahakama iliwakubalia kwa sababu FAA yenyewe iliwafanya waamini kwamba mambo yangerekebishwa. Sisi tusingoje bahati ya namna hiyo.

Naomba mambo manne.

La kwanza, wanaosimamia anga na uwanja wakitaka kubadilisha njia au saa za ndege, wamwandikie meya na wakuu wa komine mapema, na mashefu wa kartie waitwe kikaoni. Na habari itangazwe kwenye radio, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake. Familia iliyoambiwa leo kwamba kesho saa nne ndege mbili za chakula zitapita, itamshika mtoto mkono na kumweleza. Ile isiyoambiwa itakimbia.

La pili, usiku ubaki wa kulala. Mgonjwa na jambo la haraka, ndiyo. Mizigo ya biashara ingoje kuche.

La tatu, kila shefu awe na daftari. Aandike tarehe, saa, ndege ilitoka upande gani, ilipita chini namna gani, shule ilisimamisha masomo au hapana. Anayekwenda kwa wakubwa na maneno matupu anarudishwa. Anayekwenda na daftari la miezi mitatu anapewa kiti.

La ine, wawakilishi wa familia zilizohama wawe ndani ya kikao hicho. Mara nyingi wanawekwa mahali ambapo hakuna mwingine anataka kukaa, halafu wanasahauliwa kwa kuwa si wenyeji. Sauti ya ndege haiulizi nani ni mwenyeji.

Wazazi, kama mtoto wenu anashtuka kila ndege inapopita, msione aibu kwenda kwa shefu kumwambia. Na wewe shefu, mama huyo akifika, usimcheke. Fungua daftari, andika jina la avenyu yake na saa. Siku tutakapoitwa kikaoni, hicho ndicho tutakachoweka mezani.