Homa ya uti wa mgongo: sindano ya kwanza isingoje pesa

Mtoto akishikwa na homa kali, wengi wetu tunasema ni malaria. Tunampa vidonge vilivyobaki nyumbani, tunangoja. Siku ya pili anatapika na kukataa kunyonya. Siku ya tatu degedege inaanza, na majirani wanatafuta mtu wa kumwombea. Anapofikishwa hospitalini, amekwisha kupoteza fahamu.

Hivyo ndivyo menenjiti, yaani homa ya uti wa mgongo, inavyotunyang'anya watoto. Kwa ile inayoletwa na bakteria, Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mgonjwa mmoja kati ya sita hufa, na mmoja kati ya watano hubaki na madhara makubwa. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wenye utapiamlo na wenye virusi vya UKIMWI. Tena mtoto anayefika akiwa hajitambui ana nafasi ndogo sana ya kupona.

Hatujasahau Banalia, mkoani Tshopo. Ugonjwa ulipotangazwa Septemba 2021, watu 129 walikuwa wamekwisha kufa kati ya 261 walioshukiwa kuugua. Karibu nusu! Matibabu na chanjo zilipofika, sehemu ya wagonjwa waliokufa ilishuka sana.

Vita, barabara mbovu na umaskini havitaisha kesho. Lakini sindano ya kwanza inawezekana leo. Kanuni za kutunza watoto wagonjwa zinasema wazi: mwenye dalili za hatari apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki kabla ya kuhamishwa. Basi kwa nini mzazi aambiwe alipe kwanza? Serikali na wafadhili wahakikishe kila kituo cha afya kina seftriaksoni, na dozi hiyo ya kwanza iwe bure. Hesabu ifanywe mtoto akiwa hai.

Nasi wazazi tuna kazi yetu. Shingo ikikakamaa, utosi wa mtoto mchanga ukivimba, au mtoto akilala bila kuamka vizuri, tumpeleke saa ileile, hata usiku. Kipimo kikionyesha malaria, bado anaweza kuwa na menenjiti pia. Na tusikose siku za chanjo: pentavalenti na ile ya pneumokoki zinakinga aina mbili za bakteria wanaoua watoto wadogo.

Ugonjwa huu hauhesabu siku, unahesabu saa. Tuhesabu nao.