Picha za Jamaa Zikae Wapi?

Zamani mgeni alipoingia sebuleni, kabla chakula hakijaiva, aliwekewa albamu ya picha mapajani. Aliifungua ukurasa kwa ukurasa, akamwona mwenye nyumba angali kijana mwenye suruali pana, akaiona arusi, akaonyeshwa watoto walipokuwa wachanga, na hata marehemu babu aliyesimama kando ya baiskeli yake mpya. Albamu ile ilikuwa mali ya nyumba nzima. Siku hizi albamu imehamia ndani ya simu, na simu ni mali ya mtu mmoja. Hutembea naye sokoni, garini, shambani na chooni. Nyumba iliyokuwa na picha 60 leo yaweza kuwa na picha 6,000, nazo zote zimo katika chombo kimoja kinachoenea kiganjani.

Jambo hili huwasumbua mafundi wa kompyuta kuliko mengi ambayo watu hudhani huwasumbua. Mtu akikutana na fundi karamuni humwuliza ni simu ya aina gani iliyo bora, au ni kampuni gani yenye intaneti ya kasi. Fundi hujibu kwa adabu, lakini moyoni ana swali lake mwenyewe: hizo picha, nakala ya pili iko wapi? Aghalabu hakuna. Na kwa rai ya watu wa kazi hiyo, kitu chenye nakala moja tu ni kitu ambacho bado hakijapotea, basi.

Uzito wa maneno hayo hudhihirika siku ya msiba. Jamaa wanataka picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza na ya kupeleka kwenye tangazo. Simu yake ipo mezani, ina chaji ya kutosha, lakini imefungwa kwa alama ya kidole au kwa tarakimu alizozijua yeye peke yake. Watoto hujaribu mwaka wake wa kuzaliwa, kisha mwaka wa arusi, hata simu inakataa kuulizwa tena. Mwishowe hutafutwa kitambulisho, na ile picha ndogo ambayo marehemu mwenyewe hakuipenda hata siku moja ndiyo inayokuzwa na kutiwa fremu.

Wako wasemao kwamba hofu hii imepitwa na wakati, kwa sababu picha za siku hizi hupanda zenyewe winguni. Neno hilo limewapendeza sana wauzaji, lakini mafundi wengi hawalipendi. Hakuna wingu lolote. Kuna majengo yenye kuta, milango, walinzi, mashine za kupoza hewa na safu za kompyuta, nayo huungua kama majengo mengine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea lote. Hakuna mtu aliyedhurika, lakini wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza vitu vyao moja kwa moja. Mmoja wa wateja hao alikuwa amelipia hata nakala ya akiba, kumbe nakala hiyo iliwekwa katika jengo lile lile. Mahakama ilimpa haki mwaka 2023, lakini hukumu hairudishi kilichoungua.

Kisa cha Korea ya Kusini ni kizito zaidi. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliozuka katika betri za lithiamu uliunguza kituo cha kompyuta za serikali katika mji wa Daejeon. Humo ndimo ilimokuwa hazina ya hati za watumishi wa serikali, ambapo kila mtumishi alipewa nafasi ya gigabaiti 30. Zilipotea terabaiti 858 za hati. Sababu iliyotolewa ya kutokuwa na nakala nje ya kituo ilikuwa kwamba hazina hiyo ilikuwa kubwa mno. Korea ni nchi iliyoendelea sana katika mambo ya intaneti, na watumishi wake walikuwa wamehimizwa waweke hati zao mahali hapo wala si katika kompyuta za ofisini.

Tena si lazima moto uwake. Huduma nyingine hufungwa tu kwa sababu wenyewe wamechoka nayo. GeoCities, mahali ambapo watu wengi walijenga kurasa zao za kwanza tangu miaka ya 1990, ilifungwa na kampuni ya Yahoo mwezi Oktoba 2009. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo, picha na filamu zilizowekwa kwake kabla ya mwaka 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Nyimbo peke yake zilikadiriwa kuwa milioni 50. Google nayo ilikuwa ikipokea picha bila kikomo na bila malipo tangu mwaka 2015, iwapo mtu alikubali zipunguzwe ukubwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua zake. Kadhalika, tangu mwisho wa mwaka 2023 kampuni hiyo ina ruhusa ya kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili. Mama aliyefunguliwa akaunti na mwanawe, kisha mwanawe akasafiri ng'ambo na yeye akabadili simu, hana habari kwamba kalenda inahesabu.

Haya yote hayana maana kwamba huduma hizo ni mbaya. Kwa mwenye simu moja iliyoibwa katika teksi, zimekuwa mwokozi mara nyingi. Kosa ni kuzifanya kuwa nakala pekee.

Katika kazi ya kompyuta kuna hadithi mbili za kweli ambazo mafundi hupenda kusimuliana, nazo zastahili kusikiwa na watu wa nyumbani, kwa kuwa ndani yake hakuna ufundi wa ajabu.

Ya kwanza ni ya mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar ya Marekani, ambayo hutengeneza filamu za katuni kwa kompyuta. Wakati huo ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Siku moja mtu fulani aliandika amri ya kufuta mafaili mahali pasipofaa. Watu waliokuwa wakitazama kazi yao waliona kofia ya mwanasesere ikitoweka, kisha viatu, kisha mwanasesere mwenyewe. Walikimbia kuzima mitambo, lakini sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imekwisha kwenda. Wakaziendea kanda za akiba kwa moyo mkunjufu, wakakuta kwamba kanda hizo zilikuwa zimeacha kunakili sawasawa kwa muda wa kama mwezi mzima, wala hapana aliyejua, kwa sababu hapana aliyewahi kujaribu kuzifungua. Kilichowaokoa ni mtoto mchanga. Bibi Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo, alikuwa amejifungua na akifanya kazi nyumbani, hivyo alikuwa na nakala ya filamu katika kompyuta yake. Mashine hiyo ilifungwa ndani ya mablanketi, ikalazwa katika kiti cha nyuma cha gari, ikaendeshwa polepole hata ofisini.

Hadithi ya pili inahusu Afrika. Mwezi Juni 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya vilianzia Ukraine, vikaenea hadi kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Kampuni hiyo ilikuwa na kompyuta kama 150 zilizotunza daftari la nani anaruhusiwa kuingia wapi katika mtandao wake wote wa dunia. Ziliwekwa ziigane: lililoandikwa katika moja liliandikwa katika zote, na wakubwa walidhani hiyo ndiyo akiba. Virusi vilizifuta zote kwa pamoja. Baada ya kuhangaika sana waligundua kwamba moja tu ilisalia, katika ofisi yao ya Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika kabla virusi havijafika, kwa hiyo kompyuta ile ilikuwa imezimika na kutengana na nyingine. Katika nchi zetu, ambako kukatika kwa umeme hulaaniwa kila jioni, habari hii hupokewa kwa kicheko. Njia ya intaneti ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kwa mzigo ule, na hakuna mtumishi wa ofisi ile aliyekuwa na viza ya Uingereza; basi mmoja alisafiri kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski katika uwanja wa ndege, na huyo akaipeleka London.

Mwenye kuzitazama hadithi hizi ataona kwamba zinajibu jambo ambalo watu wa nyumbani hukosea mara kwa mara. Simu iliyounganishwa na akaunti ya picha ina tabia ile ile ya kompyuta za Maersk. Mtoto akifuta picha ndani ya programu ya Google Photos ili apate nafasi ya michezo, picha hufutika na huko mbali pia. Hukaa katika pipa la taka kwa siku 60, kisha kwaheri. Kuigana si akiba. Akiba ni ile iliyotengwa, iliyozimwa, iliyo mahali pengine, na ambayo imefunguliwa ikaonekana kuwa nzima.

Mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh aliifupisha kanuni ya akiba katika miaka ya 2000 kwa tarakimu tatu: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida kanuni hiyo si ghali kama inavyosikika. Picha moja ya simu aghalabu haizidi megabaiti 3 au 4; picha 6,000 kwa hesabu ya megabaiti 3 ni gigabaiti 18, nazo hutosha katika flashi ya gigabaiti 32 na nafasi ikabaki. Basi simu ni ya kwanza, akaunti ya intaneti ni ya pili, na flashi iliyowekwa kwa shangazi wa mji mwingine ni ya tatu. Ikiwa hakuna fedha za data za kupandisha picha, flashi mbili katika nyumba mbili ni afadhali kuliko kungoja.

Hata hivyo flashi ina hila zake. Kumbukumbu yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa, nayo huvuja taratibu kwa miaka, na upesi zaidi penye joto. Kuisahau juu ya kabati lililo chini ya bati ni kuitia jikoni. Yafaa ichomekwe katika kompyuta mara moja au mbili kwa mwaka, picha chache zifunguliwe, na kila baada ya miaka michache zihamishiwe katika flashi mpya. La pili ni udanganyifu wa madukani: ziko flashi zilizoandikwa terabaiti moja kwa bei ya chupa mbili za soda, ambazo ndani yake nafasi ya kweli ni ndogo sana. Hupokea mafaili yote bila kulalamika, kumbe mapya yanaandikwa juu ya yale ya kwanza. Mnunuzi mwerevu huijaza yote, huifungua mafaili yake ya mwanzo, na asipoyaona huirudisha dukani siku ile ile.

Kundi la WhatsApp la ukoo nalo hudhaniwa kuwa hazina. Lakini picha inayotumwa humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ili isafiri upesi. Machoni pa simu hupendeza, ikikuzwa kwa ukuta huonekana kama imepigwa kwenye ukungu. Anayetaka ndugu zake wapate picha kamili huituma kama hati. Na zile chache zilizo bora, tuseme thelathini kwa mwaka, hazina hasara zikisafishwa studio kwenye karatasi, kisha majina na mwaka yakaandikwa nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa katika nyumba nyingi majina ndiyo hupotea kabla ya sura.

Yabaki maneno ya siri. Google imekuwa na mpango tangu mwaka 2013 unaomruhusu mtu kutaja ni nani atakayepewa vitu vyake akaunti ikikaa kimya kwa miezi aliyoichagua, na Apple ilileta mpango wa namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2021. Wachache mno wameigusa mipango hiyo. Kwa wengi njia nyepesi ni karatasi: tarakimu za kufungulia simu na neno la siri la akaunti huandikwa, hutiwa ndani ya bahasha, bahasha ikafungwa na kukabidhiwa mtu mmoja mwaminifu. Vijana waliosoma kompyuta huweza kushtuka, kwa kuwa walifundishwa kwamba neno la siri haliandikwi popote. Lakini mwizi wa intaneti aliye ng'ambo hawezi kufungua kasha la nguo la bibi. Namba ya siri ya fedha za simu ndiyo isitiwe humo. Fedha hizo zina utaratibu wake, na warithi huzifuata katika ofisi za kampuni wakiwa na hati za mirathi.