Kaisari Hakuchuna Majani

Wasee, hii posti itaniharibia urafiki na nusu ya wale tunafuatana, lakini wacha niseme tu. Acheni kubandika nukuu za falsafa juu ya picha za mashamba ya chai. Mimi mwenyewe nimezitengeneza karibu mwaka mzima, kwa hivyo siongei kama mtakatifu.

Mnajua vile huwa. Asubuhi Kericho, ukungu, chai kijani mpaka macho yachoke, kinanda cha huzuni kwa mbali, halafu maandishi meupe: Marcus Aurelius anakwambia usijisumbue na kile huwezi kubadilisha. Yangu moja ilipata laiki kuliko kitu kingine chochote nimewahi kupakia. Nikampelekea mama mdogo simu aione, nikitafuta sifa.

Sasa, mama mdogo amechuna majani miaka mingi, kikapu mgongoni, malipo kwa kilo. Halafu mashine zikaja, kazi ya kundi zima ikawa ya watu wachache. Mei 2023 mnakumbuka mashine zilivyochomwa huku kwetu. Yeye hakuchoma kitu. Alikuwa amesharudi nyumbani. Akaangalia vidio mara mbili, akaniuliza: "Huyo mzee wako alikuwa anachuna kilo ngapi kwa siku?"

Nikamwambia alikuwa Kaisari wa Roma.

"Aaah," akasema. Akanirudishia simu, akaenda kukamua ng'ombe.

Hiyo "aaah" ndiyo ilinifanya nisome kitabu chenyewe, kizima, mara ya kwanza. (Nyinyi pia hamjakisoma, tusidanganyane.) Na nikashtuka. Jamaa alikuwa anajiandikia mwenyewe, kwa Kigiriki, mengine akiwa vitani na jeshi lake. Anajigombeza: kuamka ni shida, watu wanamkasirisha, sifa zinamvuta. Na kila baada ya kurasa chache anarudi kwa haki na kufanyia wengine kazi. Huyo ni mtu mwenye nguvu zote za dola akijishika shati asiharibu. Ukichukua maneno hayo ukampa mama aliyepoteza kazi, unamwambia anyamaze, na unamtumia Kaisari kumwambia hivyo. Kama lazima umpate Mstoiki wa kuongea na mchuna chai, kuna Epictetus, aliyezaliwa mtumwa. Lakini hata yeye msome mzima kwanza.

Najua komenti zinakuja: "Wewe uliacha chuo, falsafa umetoa wapi?" Sawa. Henry Odera Oruka, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipeleka maswali ya falsafa kwa wazee vijijini, wengi wao bila masomo ya shule, akatoa kitabu 1990. Alitenganisha wazee wa aina mbili: anayekwambia vizuri yale jamii husema, na anayeyashika hayo hayo akayahoji. Wa pili ndiye alimwita mwanafalsafa. Kwa hicho kipimo mimi na vidio zangu hatukuwa hata wa kwanza, maana wa kwanza angalau anaijua jamii yake. Mama mdogo na swali lake la kilo, mwekeni mnapotaka.

Na msiniambie eti huku kwetu sanaa ya mbali lazima ije imekatwa vipande ndio ilike. 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia kuhusu Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliyekuwa amekufa tangu 1933. Sauti yake ilikuwa imefika kwa gramafoni. Wasichana walimfanya nusu mtu nusu swara, wakamkaribisha kwa ngoma ya kwetu ya kuruka. Hawakumkariri. Walimsikiliza mpaka akawa kiumbe kingine. Ile rekodi bado iko, inahifadhiwa Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey. Kapkatet, jameni! Ukitoka Litein ni karibu tu, na sisi tunachota hekima kwa kurasa za watu wa mazoezi.

Nyumbani nao wananiuliza mashairi yatalipa nini. Hayalipi. Lakini Abdilatif Abdalla alifungwa Kamiti akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inaenda wapi, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandikia kwa karatasi za choo. Mtu hafanyi hivyo kwa sababu ana wakati wa kupoteza. Hicho kitabu ndicho niko nacho sasa, nakisoma pale tunapopima majani, foleni ikiwa ndefu na lori halijafika. Kiswahili chake kinanilaza na viatu, narudia ubeti mara tatu. Juzi mama mdogo alitaka nimsomee. Tulibishana juu ya ubeti mmoja mpaka karani akatuita mara mbili, na bado naona yeye ndiye amekosea.

Ile vidio nilifuta. Kuna jamaa wa Bomet ameipakia tena, ukungu ule ule, kinanda kipya. Buda, ukisoma hii, itoe.