Mizani, Sikio na Pazia: Funzo la Vyombo vya Sauti kwa Mhakiki

Muuza duka ana mizani yake, na malenga ana yake. Ya kwanza hupima uzito wa sukari, ya pili huhesabu silabi za mshororo. Zote mbili husifiwa kwa kuwa hazina upendeleo. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kuonja utamu wa sukari kwa mizani. Swali la wapi kipimo kinakoma na hisi inaanza ni kongwe katika ushairi wa Kiswahili. Lakini limejadiliwa kwa ukali zaidi katika uwanja ambao wahakiki wa fasihi ni nadra kuuzuru, nao ni uwanja wa kutathmini amplifaya, spika na vyombo vingine vya kutolea sauti.

Ubishi huo ulishika kasi nchini Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Upande mmoja walisimama watetezi wa vipimo. Mashuhuri miongoni mwao, Julian Hirsch wa jarida la Stereo Review, aliamini kwamba amplifaya zilizofuzu vipimo vya maabara husikika sawa, mradi zisitumiwe kupita uwezo wao. Upande wa pili walisimama watetezi wa sikio. J. Gordon Holt aliasisi jarida la Stereophile mwaka 1962, naye Harry Pearson akaasisi The Absolute Sound mwaka 1973. Kwao, chombo cha muziki sharti kihukumiwe kwa kusikilizwa. Kigezo cha Pearson kilikuwa sauti ya ala halisi, zisizokuzwa kwa umeme, zikipigwa ukumbini.

Watetezi wa sikio hawakukosa hoja. Sikio la binadamu hupokea mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, ila haliipokei yote kwa usawa. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti nzito ikiwa hafifu hutokomea, ilhali ya kadiri yenye nguvu iyo hiyo husikika bayana. Aidha, sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani yake. Mfumo wa MP3, uliokuzwa zaidi nchini Ujerumani, umejengwa juu ya tabia hizo: hutupa sehemu kubwa ya data ambayo sikio halitarajiwi kuikosa. Mitambo ikilinganisha mawimbi yake na yale ya rekodi asilia, huonyesha tofauti tele. Sikio mara nyingi halioni hata moja. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wabunifu wake, aliujaribu kwa wimbo “Tom’s Diner” wa Suzanne Vega, unaoimbwa bila ala. Mwanzoni sauti ile pweke iliharibika vibaya, ikabidi mfumo urekebishwe. Hapo hakimu alikuwa sikio.

Je, basi, watetezi wa sikio watangazwe washindi? La hasha. Sikio lina jirani mchongezi, nalo ni jicho. Katika miaka ya 1980, Floyd Toole wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia linalopitisha sauti. Wasikilizaji wasiokuwa na kasoro ya masikio walielekea kukubaliana. Zaidi ya hayo, spika walizozipenda ndizo zilizoonyesha kwenye vipimo kwamba hazikuzi wala hazififishi mitetemo fulani kuliko mingine. Mwaka 1994, Toole na Sean Olive walilinganisha alama zilizotolewa pazia likiwapo na zilizotolewa pazia likiwa limeondolewa. Spika zilikuwa zile zile, lakini alama zilibadilika. Umbo, bei na jina vilikuwa vimeingia masikioni. Mwaka 2004, Olive alichapisha kanuni ya kubashiri mapendeleo ya wasikilizaji kutokana na vipimo pekee. Kwa spika 70, uwiano kati ya ubashiri na hukumu za wasikilizaji ulikuwa 0.86.

Matokeo haya yanabainisha kuwa ugomvi ulielekezwa pasipo. Kipimo na sikio lililo nyuma ya pazia vilipatana kwa kiasi kikubwa; aliyekuwa akivifitinisha ni lebo. Holt mwenyewe, mwaka 2007, aliwalaumu wenzake wa vyombo vya bei ghali kwa kukataa majaribio ya aina hiyo. Muasisi wa usikilizaji hakuona haya kudai pazia.

Fasihi nayo iliwahi kutundika pazia lake. I. A. Richards, mhadhiri wa Cambridge, aliwapa wanafunzi wake mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, kisha mwaka 1929 akachapisha maoni yao katika Practical Criticism. Tungo za washairi waliotukuka zilibezwa, na nyingine dhaifu zikasifiwa. Funzo lake lina pande mbili: jina hutusaidia kusifu tusichokisoma, na sikio lisilofunzwa hupotea hata likiachwa huru.

Mhakiki wa Kiswahili anahitaji pande zote mbili. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi achapishe sheria za utunzi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, mjadala wa arudhi umeendeshwa kana kwamba ni lazima kuchagua kati ya hesabu na hisi. Katika shule za upili za Kenya, mwanafunzi huhesabu mizani na kutaja vina bila kulisoma shairi kwa sauti hata mara moja. Chuoni, naye, huweza kulisifu shairi huru kwa kuwa mtunzi wake ni profesa. Wa kwanza amepima asisikilize. Wa pili amesikiliza jina.

Yamkini kutazuka pingamizi kwamba fasihi si spika, na kwamba maisha ya mtunzi ni sehemu ya maana. Pingamizi hilo ni la haki. Hakuna awezaye kuisoma Sauti ya Dhiki kwa ukamilifu bila kujua kwamba Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa gerezani. Lakini pazia halitundikwi milele. Hutundikwa kwa usomaji wa kwanza, ili shairi lijisemee, kisha huondolewa ili historia nayo iseme.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza kesho. Tungo za mashindano na za majarida zipokelewe kwa nambari badala ya majina. Katika semina, shairi lisilotajwa mtunzi lisomwe kwa sauti mara mbili, kila mmoja aandike hukumu yake, ndipo mizani ihesabiwe na jina lifichuliwe. Anayenufaika kwanza ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka kijiji kisichojulikana, ambaye daftari lake la mashairi limekuwa likirudishwa bila kufunguliwa.