Mita ya Umeme na Hesabu Iliyokwisha Mwaka 2024

Teknolojia ziitwazo "janja" husifiwa siku hizi kuwa ndizo njia ya mkato ya maendeleo kwa nchi zetu. Jina lenyewe lina walakini, kwani katika Kiswahili mjanja aghalabu ni mtu wa kuangaliwa mara mbili. Badala ya kuzisifu au kuzilaumu zote kwa jumla, yafaa tukichunguze chombo kimoja kilichotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za wasomaji wetu: mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo Tanzania tumeizoea kwa jina la LUKU.

Utaratibu wa tarakimu 20 tunazobonyeza haukutoka Ulaya. Ulitungwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye ukakubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa. Nchi hiyo ilikuwa na tatizo lake mahususi. Katika miaka ya 1980 wakazi wengi wa vitongoji vya Waafrika waligoma kulipia huduma, ikiwa sehemu ya mapambano yao dhidi ya ubaguzi wa rangi. Tena kati ya 1994 na 1999 nyumba zipatazo milioni 2.5 ziliunganishiwa umeme, nyingi zikiwa za watu wasio na mshahara wa mwezi. Gharama za kusoma mita, kupeleka ankara, kudai madeni na kukata umeme zingemeza mapato. Kwa hiyo ikatakiwa mita inayojua, bila waya wala mawasiliano yoyote na ofisi, kwamba fedha imekwisha kulipwa.

Faida yake kwa uchumi ni dhahiri. Shirika hupata fedha kabla ya kutoa umeme, na mama lishe hununua uniti chache kulingana na mauzo ya siku. Uchunguzi wa B. Kelsey Jack na Grant Smith katika jiji la Cape Town, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusu wateja zaidi ya 4,000 waliohamishwa kutoka kwenye ankara. Matumizi yao yalipungua kwa takriban asilimia 14, na hata hivyo jiji kwa wastani lilifaidika, maana kilichouzwa kililipwa kwa wakati na kwa gharama ndogo. Lakini asilimia 14 hiyo ni nini? Yaweza kuwa taa zilizozimwa kwa busara. Yaweza pia kuwa mtoto aliyelala bila kumaliza kazi ya shule. Zamani fundi aliyekuja kukata umeme aliacha kumbukumbu katika daftari. Siku hizi nyumba huingia gizani kimya kimya, na shirika halina orodha ya waliokosa.

Sasa tuingie ndani ya mita. Kila malipo hufungiwa dakika yaliyotolewa, na habari zote hufumbwa kwa ufunguo wa siri ambao mita husika inao. Mita hukataa namba iliyokwisha kutumika au iliyopitwa na wakati; ndiyo sababu hatuwezi kuingiza namba moja mara mbili. Dakika hizo zilihesabiwa kuanzia mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi zilizotengwa ni 24 katika kizio cha mbili. Mbili kwa kipeo cha 24 ni 16,777,216. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja: utapata siku 11,650 na ushei, yaani miaka karibu 32. Hesabu ikafika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Ilibidi kila mita ya utaratibu huu, katika nchi nyingi za dunia, ipewe ufunguo mpya na tarehe mpya ya kuanzia, ama sivyo ingekataa kila malipo.

Tanzania na Kenya zilifanya kazi hiyo mwaka 2024. Wananchi walipokea makundi mawili ya ziada ya tarakimu 20, wakabonyeza. Wengi hawakujua walichokuwa wakikifanya, na hapa ndipo penye hoja yangu. Chombo cha namna hii huleta faida mbili: fedha kinazookoa, na maarifa kinayoyaacha nchini. Ya kwanza tunaipata. Ya pili tunaipuuza, ingawa ndiyo iliyoiwezesha Afrika Kusini kutatua tatizo lake kwa akili za wahandisi wake na kuziuzia nchi nyingine suluhisho. Hesabu iliyoigusa kila nyumba yenye LUKU haizidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, nayo ilitangazwa kana kwamba ni matengenezo ya kawaida tu.

Hesabu mpya imeanzia mwaka 2014, nayo itakwisha Novemba 2045. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza leo atakuwa wakati huo mtu mzima mwenye umri wa kuongoza idara ya ufundi. Napendekeza mashirika ya umeme yazipe shule zetu mita zilizoondolewa kazini, zifunguliwe mezani mbele ya darasa, na walimu wa hisabati na fizikia waanze na swali hilo la dakika.