Tusiwalaani Wenye Klabu, Tuwaulize Wenye Wakfu



Kila linapoonekana gurudumu la Rotary kwenye bango katika kisiwa chetu, iwe ni zahanati, skuli au tangi la maji, hakosekani msemaji wa kutwambia kuwa hao ni Freemason, dawa yao ina mtego na maji yao yana sharti. Maneno hayo huzungumzwa barazani, na mara nyengine hupandishwa mimbarini. Sisi tunasema: anayedai alete ushahidi. Sura Al-Hujurat imetuamrisha kuzichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na hatukuona mahali ilipoambiwa kuwa amri hiyo husimama pale wanapozungumzwa wasiokuwa Waislamu.

Yanayojulikana ni haya. Rotary ilianzishwa Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu wenye shughuli zao mjini humo. Walikutana kwa zamu katika ofisi zao, ndipo likaja jina lenye maana ya kuzunguka. Hawakuanza kwa ajili ya sadaka. Walianza kwa kujuana na kupeana biashara, na hilo wenyewe hawalifichi. Huduma ilikuja baadaye, na kazi yao ya mwanzo iliyojulikana, mwaka 1907, ilikuwa kuhimiza ujenzi wa vyoo vya umma. Tunamuomba msomaji asicheke. Aende kwanza akaangalie vyoo na mabirika ya msikiti wake, kisha ndipo acheke. Klabu za Lions zilifuata mwaka 1917, katika mji huo huo wa Chicago.

Tunajua kwamba wako wanavyuoni katika nchi za Kiarabu waliotoa fatwa ya kukataza Waislamu kujiunga na klabu hizi, na tunawaheshimu. Lakini kukataza uanachama ni jambo moja, na kumnyima mtoto tone la chanjo kwa kuwa klabu imechangia gharama yake ni jambo jengine kabisa. Anayeyachanganya mambo haya mawili hafutu, anaua.

Neno hilo ni zito, nasi hatulisemi ovyo. Mwaka 1985 Rotary ilianzisha mpango wake wa kupambana na polio, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine yakaingia katika kazi hiyo, wakati ambapo maradhi hayo yalikuwa yakipooza watoto wanaokisiwa 350,000 kila mwaka. Mwaka 2003, katika majimbo ya kaskazini ya Nigeria, Kano likiwa mbele, baadhi ya viongozi wa dini na wa siasa walitangaza kuwa chanjo imetiwa dawa ya kuwafanya mabinti wasizae. Kano ilisimamisha chanjo kwa karibu mwaka mzima. Hatimaye wakakubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, na matone yakaendelea mwaka 2004. Lakini virusi havikungoja mazungumzo yaishe. Vilivuka mipaka vikaingia nchi ambazo zilikuwa zimeshasafika, vikafika Sudan, kisha mwaka 2005 vikafika Yemen na Indonesia yenyewe, iliyokuwa imekaa miaka 10 hivi bila ya maradhi hayo. Mamia ya watoto walipooza katika nchi hizo mbili. Wengi wao walikuwa watoto wa Kiislamu, wa wazazi waliosali msikitini kama sisi, na walilemazwa na uvumi ambao mwenye kuuzusha hakupata kuulizwa. Bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeepukana na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020. Lingeweza kutangazwa mapema zaidi.

Atakayetuuliza ushahidi wetu wa kushirikiana na watu wa aina hii, tunamrudisha kwenye Sira. Kabla ya kupewa Utume, Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria Makka, katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, mapatano ya Hilful Fudhul ya kumsaidia aliyedhulumiwa. Waliopatana hawakuwa Waislamu. Baada ya Uislamu kuja alieleza kuwa lau angeitwa kwenye mapatano kama yale angeitikia. Basi ni nani miongoni mwetu aliye mchamungu kuliko yeye?

Hayo hayana maana kwamba tunazikubali klabu kwa kila zinalofanya. Fedha ya bahati nasibu hatuipokei, hata kama inakwenda kwa yatima. Karamu yenye ulevi si mahali petu. Na mtindo wa kumsimamisha maskini mbele ya kamera, na bango kubwa nyuma yake, tumeonywa nao katika Sura Al-Baqara pale sadaka inapobatilishwa kwa masimango na maudhi. Bahati mbaya mtindo huo sasa unaigwa na jumuiya zetu wenyewe zinapogawa futari.

Sasa tuje Chukwani. Mji huu ulio kusini ya mji wa Unguja, jirani na Mbweni, Sayyid Barghash alijenga kasri, na leo ndipo lilipo Baraza la Wawakilishi. Hapo hapo, mwaka 1998, shirika la Africa Muslims Agency lilifungua chuo cha elimu cha kufundisha walimu, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Marehemu Al-Sumait, aliyefariki Agosti 2013, alikuwa daktari wa Kuwait aliyeacha hospitali za kwao akaishi miaka mingi baina ya vijiji vya Afrika. Alipopewa Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 1996, fedha yake aliifanya wakfu kwa ajili ya kuwasomesha watoto wa Kiafrika. Hakuigawa siku moja ikaisha. Aliifunga ili izae.

Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya zawadi na wakfu. Tangi la maji likikabidhiwa bila ya mfuko, siku pampu inapoungua wanakijiji hurudi kisimani na ndoo. Wakfu kwa mujibu wa fiqhi hauko hivyo: mapato yake hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapewe. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akakiachia watu wote, na Sayyidna Umar (R.A.) aliiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, shina lisiuzwe, matunda yaliwe. Wazee wetu wa Unguja waliijua elimu hii, wakaacha nyumba, maduka na mashamba ya mikarafuu na minazi kwa ajili ya misikiti, madrasa na wasafiri. Mwaka ule ule wa 1905 ambao wanne wale walikutana Chicago, hapa Unguja iliundwa Kamisheni ya Wakfu. Leo tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wao walianza na watu wanne na ofisi za kuazima. Sisi tulianza na mali.

Basi maswali yetu hayaendi Chicago. Yanakwenda kwa wasimamizi wa wakfu na kamati za misikiti. Nyumba ya wakfu inapangishwa kwa kiasi gani, na jirani yake isiyokuwa ya wakfu inapangishwa kwa kiasi gani? Sanduku la Ijumaa hufunguliwa na nani, mbele ya nani? Mjane aliye nyuma ya ukuta wa msikiti anajua kuwa ana haki humo, au husubiri gari lenye gurudumu? Khatibu mwenye nguvu za kuwafichua Freemason tunamtaka azitumie nguvu hizo japo Ijumaa moja kuisoma hesabu ya msikiti wake.

Tunazitaka kamati zibandike karibu na mlango wa msikiti, kabla ya Ramadhani ijayo, karatasi moja yenye mali ya msikiti, mapato ya mwaka na matumizi. Kamati ya kwanza ya Chukwani au kwengineko Unguja itakayotuletea nakala yake, tutaichapisha kama ilivyo katika toleo linalofuata.

Wabillahi tawfiq.