Familia ya Kiislamu na Mto Rufiji: Matembezi ni Sehemu ya Malezi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyeteremsha maji kutoka mbinguni na kuyapitisha mabondeni kwa kadiri aliyoitaka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, kila inapokaribia sikukuu ya Idi au shule zinapofungwa, mimbari zetu hujaa makemeo. Tunawakataza vijana wasiende kwenye fukwe zenye ngoma na vileo. Tunawakataza mabinti wasitoke. Tunawakataza watoto wasikodolee macho televisheni na simu. Makatazo haya yana haki yake, na hapana Muislamu mwenye akili timamu anayeyapinga. Lakini hebu tujiulize: baada ya kukataza, tumewapa nini? Mtoto aliyefungiwa milango yote bila kuoneshwa hata mmoja ulio wazi, ataruka dirishani. Makala hii inapendekeza mlango mmoja ulio wazi, nao ni matembezi ya familia nzima, kwa miguu na kwa mtumbwi, katika bonde na delta ya Mto Rufiji.

Tumeutaja Rufiji kwa sababu uko karibu nasi na kwa sababu Waislamu wengi wa Temeke, Mbagala na Mkuranga wana asili huko. Wengi wetu tunakwenda Rufiji kuzika tu. Watoto wetu wanaijua njia ya makaburini, hawaijui njia ya mtoni.

Tuanze na hukumu ya jambo lenyewe, maana wapo wanaosema kuwa matembezi ni upuuzi usiomfaa muumini. Qur'an imetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji (29:20), na ikatukumbusha kuwa ardhi imefanywa nyepesi kwetu ili tutembee katika pande zake (67:15). Sahaba Handhala (r.a.) alipoona kuwa imani yake hupungua anapokuwa na mkewe na watoto, alidhani amekuwa mnafiki. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa kila jambo lina saa yake, kama alivyopokea Imam Muslim. Abu Daud naye amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Tena katika Hadithi iliyopokewa na An-Nasai, miongoni mwa mambo manne yasiyohesabiwa kuwa ni upuuzi ni mtu kucheza na ahli yake na kujifunza kuogelea. Basi anayeiita saa ya baba na wanawe mtoni kuwa ni upuuzi, atuletee dalili.

Wengine watasema: sawa kwa wanaume, lakini wanawake na mabinti wana nini na mitumbwi? Hawa tunawakumbusha kisa cha Ummu Haram bint Milhan (r.a.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alipoeleza ndoto yake juu ya watu wa umma wake watakaopanda bahari, bibi huyu aliomba aombewe awe miongoni mwao, na Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa bahari si mahali pa mwanamke. Alikuja kuivuka bahari pamoja na mumewe, Ubada bin Samit (r.a.), katika msafara wa Cyprus zama za Muawiya (r.a.), akafariki huko. Kinachotakiwa ni stara, mahram na adabu. Hayo yakiwepo, kumzuia binti asijifunze maji hakumlindi. Kunamwacha bila kinga siku maji yatakapomfuata.

Na maji humfuata mtu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na sehemu kubwa mno ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hapa nchini hatujasahau kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 220. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji na Kibiti yaliingia majumbani na mashambani. Mtoto wa mahali kama hapa hana hiari ya kukutana au kutokutana na maji. Hiari iliyopo ni yetu wazazi: akutane nayo akiwa ameshikwa mkono na baba yake, au akutane nayo peke yake. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Ama kuhusu mahali penyewe, Rufiji ni neema kubwa. Mito ya Kilombero na Luwegu hukutana ikazaa Rufiji, na Ruaha Mkuu ukaongeza maji yake, mpaka mto ukashuka kupitia Utete na Ikwiriri na kupita chini ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mbele ya hapo mto hugawanyika matawi mengi, kila moja likitafuta bahari kwa njia yake. Katika matawi hayo imo mikoko yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 50,000, nayo huhesabiwa kuwa msitu mkubwa kabisa wa mikoko ulioungana katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima.

Mzazi anayejua kusoma Qur'an ana darsa tayari katika vijito hivyo. Suratul Furqan, aya ya 53, inataja maji matamu na maji ya chumvi na kizuizi kilichowekwa baina yake. Mtoto aliyeisoma aya hiyo madrasa, aonje maji ya mto huko juu, kisha aonje ya huko chini. Aoneshwe mchu, ambao hutoa chumvi kupitia majani yake hata mtu akiyalamba huihisi. Aoneshwe mkoko ambao mbegu yake huota ingali juu ya mti, ndipo ianguke topeni ikiwa mche. Afundishwe kutenganisha mkandaa, msinzi, mkomafi, mlilana na msikundazi, kama babu zake walivyotenganisha, maana kila mmoja una kazi yake katika nyumba na katika chombo. Aone mashamba ya mpunga na madungu ambamo wakulima hukaa kuwinga ndege na wanyama, ajue jasho lililo nyuma ya sahani ya wali anayoiacha nusu.

Njia ya kuanzia iliyo nyepesi kwa familia ni upande wa kaskazini wa delta. Barabara ya Kilwa hufika Bungu, na kutoka hapo ipo njia ya kwenda Nyamisati, bandari ambayo vyombo vya Mafia huondokea. Wakati mwafaka huanza na kipupwe mwezi Juni na kuendelea hadi Oktoba, masika yanapokuwa yamekwisha na njia zimekauka. Asubuhi familia hutembea kwa miguu katika njia za vijijini, baina ya minazi, mikorosho na mashamba. Jua likipungua na maji yakiwa yanajaa, hupanda mtumbwi pamoja na nahodha mwenyeji, na watoto wakapokezana kafi katika kijito kilichotulia. Saa moja ya mtumbwi yamtosha mtoto. Haifai kuifanya mashindano.

Hapa pana elimu ambayo Waislamu tunapaswa kuwa wa kwanza kuijua, kwa sababu tunahesabu miezi kwa mwandamo. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa mno na kupwa mno, na mkondo wa vijitoni huwa na nguvu. Maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu, yaani tarehe nane mpaka kumi hivi, na tena baada ya tarehe ishirini na mbili. Idil Fitri huwa mwezi mosi Mfungo Mosi, maana yake daima huangukia karibu na bamvua. Kwa hiyo siku ya Idi yenyewe si siku ya kuwapakia watoto wasiojua maji katika mtumbwi. Ngojeni juma moja, muwe mmeanza na funga za Sita, kisha mwende wakati wa maji mafu. Idil Adh-ha, kwa kuwa ni tarehe kumi, ina nafuu zaidi katika jambo hili.

Hatutaki mtu ahadaike akadhani kuwa Rufiji ni bwawa la kuogelea. Mto huu una mamba na viboko, na wanawake wanaoteka maji kandokando yake wanaijua hatari hiyo kuliko sisi. Qur'an imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizo (2:195). Hivyo mambo yafuatayo tuyashike kama sharti.

Kwanza, asiingie mtu majini wala asisogelee ukingo bila kuwauliza wenyeji, nao wakisema hapana, neno limekwisha. Anayetaka kumfundisha mtoto kuogelea amfundishe mahali salama kabla ya safari, si ndani ya mto huu.

Pili, kila abiria, mkubwa na mdogo, avae jaketi la kujiokolea linalomtosha, na mtumbwi usipakie zaidi ya anavyosema nahodha. Tawakkul ni kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Tatu, kabla ya kuondoka ulizeni hali ya mto. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mto uliokuwa ukifuata mvua peke yake sasa unafuata pia milango ya bwawa. Mazoea ya wazee yanafaa, lakini hayatoshi tena.

Nne, msipitishe jioni mtoni. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na mtu aliyesimama katika njia yao hana pa kukimbilia. Usiku ni wa chandarua, kwa sababu ya mbu. Tena watoto wasichezee maji baridi yaliyotuama, kwa kuchelea kichocho.

Tano, pitieni ofisi ya serikali ya kijiji kabla ya kuingia vijitoni. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya Serikali na ina taratibu zake. Msikate hata ufito.

Sita, shikeni adabu ya mahali. Abu Daud amepokea Hadithi inayotutahadharisha na mambo matatu yenye kuleta laana: kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Ikiwa haja ya mwili imekatazwa hapo, tunasemaje juu ya chupa na mifuko tunayoitupa? Nahodha alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka, na chakula kinunuliwe kwa mama wa kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Msiwapige picha watu kazini mwao bila idhini.

Saba, swala isipotee. Waliotoka Dar es Salaam ni wasafiri na wana ruhusa ya kufupisha na kukusanya kwa masharti yake. Wakipanda chombo wasome dua ya kupanda iliyomo katika Suratuz Zukhruf, na watoto waihifadhi kabla ya siku ya safari.

Litabaki swali la gharama. Familia moja ikikodi gari peke yake italemewa, na ndiyo maana tunalielekeza jambo hili kwa kamati za misikiti. Tunakodi mabasi kwenda kwenye Maulidi, semina na makongamano. Hatushindwi kukodi basi moja kwa mwaka kwa ajili ya familia ishirini, akina baba wakaketi na wake na watoto wao, si wanaume mbele na wanawake wakaachwa nyumbani na masufuria. Msikiti ununue majaketi kidogo kidogo, yawe waqfu, kila safari iyatumie. Walimu wa madrasa watayarishe darsa la aya za maji, mito na miti. Misikiti ya Kibiti na Ikwiriri iwe mwenyeji, ili undugu tunaouhubiri uonekane kwa macho.

Ndugu zangu akina baba, tuseme kweli. Watoto wetu wanatujua kwa sauti ya amri: amka, swali, soma, nyamaza. Wanastahiki pia kutujua tukiwa na kafi mkononi, tukicheka pamoja nao mtumbwi unapozunguka bila kwenda mbele. Mtoto aliyemzoea baba yake katika furaha ya halali, atamsikiliza atakapomkataza la haramu. Asiyemjua ila katika makemeo, atakwenda ufukweni tu, na hatutakuwa na la kumwambia.

Kipupwe hakikawii kufika. Kila kamati ya msikiti ilijadili jambo hili katika kikao chake kijacho, iteue watu wawili wa kwenda kuzungumza na wenyeji, na ipange tarehe kwa kuangalia mwandamo wa mwezi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie wake na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, awahifadhi watu wa Rufiji na mafuriko, na atufanye wenye kuzitazama ishara zake kwa mazingatio. Amin.

Wabillahi tawfiq.